Dakta Kang Pi-hsia na Mwanga wa Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, mlio mabandani kwa bata, mlio jikoni, na wewe uliyekaa peke yako mezani, karibuni. Punguza moto chini ya sufuria, usogee karibu.

Leo tunamkumbuka Dakta Kang Pi-hsia, mtu wa hapa hapa Yunlin. Ndiye aliyetengeneza kipimo cha kugundua virusi vya mafua ya ndege kwa kutumia mwanga. Ugonjwa wa mapafu umemchukua. Amemwacha mumewe, Bwana Ting Wang-lai, yule muuza supu ya bata pale sokoni. Watoto hawakujaliwa.

Hicho kipimo ni kitu gani? Ni kipande cha kioo, kidogo kama ukucha, kimepakwa unga unaokula mwanga. Ukikimulika, kinatoa umeme kidogo. Juu yake pamewekwa mtego wa virusi. Bwana Ting hakusoma sana, lakini alitueleza vizuri.

"Chukulia bomba la maji," alisema. "Taa ikiwaka, maji yanatiririka. Kirusi kikija kukaa mdomoni mwa bomba, maji yanapungua. Yakipungua, ujue bata ni mgonjwa. Basi."

Tukumbuke hapo. Umeme ukishuka, kuna virusi. Umeme ukibaki juu, bata ni wazima. Na taa inayotakiwa ni ile moja tu ya kipimo. Mwanga mwingine wowote ukiingia unavuruga hesabu. Kwa hiyo Dakta Kang alifanya kazi gizani, mchana kweupe, nyuma ya mapazia meusi.

Mchana Bwana Ting alimpelekea chakula. Hakuruhusiwa kufungua mlango. Alibisha, akaongea na ubao.

"Mama Kang! Wali na bata!"

"Usifungue! Weka chini, nakuja."

"Mimi nilioa mke au nilioa popo?"

"Popo ana mbawa, angeruka akakuacha. Mimi niko hapa hapa. Umetia tangawizi?"

"Nimetia. Kula kabla hakijapoa."

Alikila kikiwa kimepoa. Siku zote. Miaka ikaenda hivyo, mume upande huu wa mlango, mke upande ule, na wakubwa wa maabara ghorofani wakinywa chai kwenye mwanga mzuri.

Sasa wasikilizaji, sikilizeni hapa, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Majira ya baridi, mwaka juzi, bata walianza kulegea shingo kwenye banda moja karibu na pwani. Sampuli zikaletwa, Dakta Kang akaanza kupima. Siku hiyo hiyo mkurugenzi wa maabara alikuwa na wageni wenye kamera. Wakubwa wanapenda kamera, mnawajua. Mpiga picha akalalamika kwamba chumba ni kiza. Mkurugenzi akaagiza mapazia yafunguliwe. Jua likaingia likakaa juu ya kioo, pamoja na taa.

Msichana mmoja wa maabara alikuwepo, na maneno yaliyosemwa ametusimulia yeye.

"Mkurugenzi, naomba mapazia yafungwe," Dakta Kang alisema. "Nirudie kipimo."

"Aa, Dakta, usituharibie shughuli. Si umeme uko juu? Si wewe mwenyewe ulisema ukiwa juu ni salama?"

"Uko juu kwa sababu ya jua."

"Basi jua nalo limefurahi! Njoo hapa katikati, cheka kidogo, tupige picha."

Wakapiga picha. Mkurugenzi akatangaza kwamba bata ni wazima. Bata wakauzwa, wakachanganywa na wengine, na ugonjwa ukatembea nao. Bata wa mabanda kumi na zaidi walichinjwa wote, wakafukiwa kwa chokaa. Mnaokaa kule pwani hamhitaji kuelezwa ile harufu.

Mtaalamu ameteleza, wakubwa wakasema. Mtaalamu mmoja. Jina hawakulitaja, lakini nani hakumjua?

Watu wakaja kibandani kwa Bwana Ting. "Wang-lai, mwambie mkeo aipime supu kwanza!" Mwingine akasema, "Leo nile bata, au bata ndiye atakayenila mimi?" Wakacheka, wakaenda kwa muuza tambi wa jirani. Bwana Ting alichochea sufuria iliyojaa mpaka jioni.

Nyumbani Dakta Kang hakujitetea. Alizima taa ya sebuleni akakaa. Mumewe akamwambia, "Nenda kaseme ukweli." Akajibu, "Nilisema, Wang-lai. Nilisema walipokuwa wanapiga picha."

Alirudi kazini, akaendelea. Kipimo leo kiko kwenye sanduku dogo lililofungwa pande zote, mwanga wa nje hauingii hata chembe. Alilitengeneza yeye. Akaanza kukohoa, akalazwa, akatutoka. Bwana Ting anasema aibu ndiyo iliyomla mapafu. Daktari wa hospitali hakusema hivyo. Lakini daktari hakulala naye nyumba moja.

Dada wa marehemu, Bibi Kang Pi-yun, ametuambia habari ya fundi wa nyumba za karatasi. Shemeji yake, Bwana Ting, alikwenda kuagiza nyumba ya kumchomea marehemu, apate pa kukaa huko aliko. Fundi akamwonyesha yenye roshani na madirisha makubwa.

"Ziba madirisha," Bwana Ting akasema.

"Mzee, nani anakaa nyumba isiyo na dirisha?"

"Ziba, bwana. Asije mtu akamfungulia."

Siku ya kumuaga, makundi yalipita moja moja kuinama mbele ya picha, na wafiwa wakainama kujibu. Likaja kundi la maabara. Mkurugenzi akainama sana. Bwana Ting hakuinama. Shemeji yake akamvuta mkono, lakini yeye akasimama vile vile.

"Mkurugenzi," akasema, "sitaki maua yako. Sema neno moja hapa mbele ya watu. Sema aliomba kurudia."

"Mzee wangu, leo si siku ya mambo hayo."

"Siku yake ni ipi?"

Msimamizi wa shughuli akaita kundi linalofuata.

Kesho yake Bwana Ting alikuja studio, kofia mkononi. Hakuomba wimbo wala sifa. Aliomba lile neno lisemwe hadharani, hata mara moja.

Basi wasikilizaji wapendwa, nawe uliyechelewa kufungua redio: Dakta Kang Pi-hsia aliomba mapazia yafungwe, arudie kipimo. Walikataa. Uliye bandani na bata wako, sikia: aliomba kurudia kipimo, walikataa. Na wewe mkubwa uliye ofisini, ongeza sauti: Dakta Kang aliomba. Mlikataa.

Tutafakari. Mtu anapokwambia ngoja nirudie, inakugharimu nini kumngoja?

Poleni ukoo wa Kang. Bwana Ting, pole. Najua redio ndiyo inayoongea peke yake humo ndani sasa. Uliomba tuseme mara moja. Tumesema mara tatu.