Wanaume Waliokataa Chakula

Ndugu zangu wa Pajulu, asalaam aleikum kwa wale wa msikiti, na wale wa kanisa, Bwana asifiwe. Mmeniita kutoka Koboko niwaambie jinsi chama chetu cha wanaume kilivyosajiliwa kuwa chama cha hisani, maana na nyinyi mnataka chenu. Nitawaambia, msiwe na haraka. Lakini nikianza na cheti hamtaelewa kitu, kwa hiyo naanza na mimi mwenyewe.

Nilikuwa fundi wa redio jeshini. Baba yangu askari, kaka yangu askari, mimi askari; kwetu Koboko hiyo si ajabu. Na tangu utoto nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Nikiona kitu kimefungwa, nataka kujua ndani kuna nini. Mama alikuwa akificha saa ya baba juu ya kabati, kwa sababu mara mbili nilikuwa nimeifungua na kuifunga tena huku vyuma vingine vimebaki mkononi. Mnacheka? Yeye hakucheka.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ya jeshi letu ikaangushwa, tukakimbia. Wengine walishika njia ya Sudan, sisi tukavuka kwenda Zaire. Kaka yangu hakufika. Huko ukimbizini ndiko nilikoanguka, na sikuanguka kwa pombe. Niliacha kuuliza. Nilikaa nyuma ya nyumba, mgongo kwa njia, huku mke wangu akilima mashamba ya watu. Siku moja jirani aliniletea redio iliyokufa, nami nikamwambia bila hata kuigusa, "Peleka kwingine." Mke wangu aliposikia alilia. Akaniambia, "Njaa naijua, nitapambana nayo. Hii yako siijui."

Tulirudi nyumbani miaka ya themanini ikielekea ukingoni, na mimi nikarudi hivyo hivyo, kimya. Nyumba zilikuwa zimeanguka, vichaka vimeingia mpaka uani. Asubuhi moja nilipita kwa mama mmoja, mjane. Kuta zake za udongo zilikuwa zimesimama, hazina paa. Pembeni kulikuwa na rundo kubwa la nyasi za kuezekea, za chini zimeanza kuoza. Nikasimama. Sijui hata leo kwa nini nilisimama.

"Mama," nikasema, "hii nyasi inangoja nani?"

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Inangoja mwanaume," akasema. "Wewe iko nani?"

Ndugu zangu, nawaambia, hilo la nyasi lilikuwa swali langu la kwanza kuuliza baada ya miaka mingi. Nyie mnajua mila yetu: mwanamke anakata nyasi, anabeba, lakini juu ya paa hapandi. Yule mama alikuwa amemaliza kazi yake yote. Kilichobaki ni cha wanaume, na wanaume tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba zetu.

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nikapata wenzangu, Waislamu kwa Wakristo, karibu wote watoto wa jeshi. Tukaezeka nyumba ya mama yule, tukaenda kwa mjane mwingine. Lakini mwenyekiti wa kijiji akatuita. Akasema, "Wazee, nawaheshimu. Lakini wanaume wengi pamoja, na wanatoka jeshi ya zamani, watu wataniuliza. Kama hakuna karatasi ya ofisi ya Arua, hii kitu inakwisha." Nikaogopa kweli. Nilijua kikundi kikifa, mimi narudi nyuma ya nyumba, na safari hii sitatoka.

Tukapanda lori kwenda Arua, tukalala kwa shemeji yangu anayekaa Ediofe, asubuhi tukaingia ofisi ya kusajili vyama. Afisa alikuwa mama, mpole lakini hapitwi na kitu. Akauliza tunasaidia nani. Tukasema, wajane na wasiojiweza. Akauliza nyinyi wenyewe mnapata nini. Tukasema, hakuna. Akatueleza kwamba chama cha hisani hakijengwi kwa faida ya wanachama wake. Akasema atakuja Koboko aone kazi kwa macho yake, halafu ataamua.

Sasa sikilizeni tulivyofanya, maana nyinyi pia mngefanya. Hakuna faida kwa wanachama! Tukarudi tukaweka amri: hakuna kula kwa mjane, hakuna kunywa, hata maji mtu abebe yake. Na kwa kuwa mgeni ni wa serikali, tukajipanga tunavyojua. Laini mbili. Kamanda mbele na filimbi. Panga begani, kamba kiunoni. Tunafika nyumbani kwa mtu kwa mguu mmoja, tunaezeka, tunajipanga, tunaondoka. Tulijiona safi sana.

Siku ya mgeni tulikwenda kwa mama mmoja mzee. Afisa alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda. Filimbi ikalia, tukaingia uani na laini zetu, tukasimama, tukapiga saluti. Nikasikia sufuria inaanguka. Watoto wakaruka wakaingia shamba la mihogo. Majirani wakafunga milango. Mama mzee mwenyewe alikuwa ameingia ndani ya nyumba isiyo na paa, amejibana kwenye pembe.

Nikabaki na mkono wangu usoni. Nikajiuliza, wanamkimbia nani? Nikageuka kutazama nyuma, kweli kabisa, nikidhani kuna watu wanakuja. Nyuma yetu hapakuwa na mtu.

Afisa hakututazama hata. Akaingia ndani, akatoka na mama amemshika mkono. Akamuuliza, "Mama, unaogopa hii watu?"

Mama akasema, "Hii watu nawajua, iko watoto ya hapa. Mimi naogopa hiyo laini. Wale walichukua mutoto yangu, walikuja na laini." Kisha akatugeukia, na sasa alikuwa na hasira. "Na nyinyi! Kwa mama jirani mulifanya kazi, alipika, mukakataa. Chakula ikalala. Alilia. Mutu anafanya kazi kwako, na hataki kula kwako, hiyo ni mutu gani? Ni askari. Ama anafikiri uko na sumu."

 Kamanda wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, akavua filimbi shingoni akaitia mfukoni.

Nikamwambia afisa, "Lakini mama, ulisema wanachama wasipate faida." Afisa akacheka mpaka akashika kigoda. "Mzee, nilizungumzia faida, mimi nilikataza ugali?" Halafu akamwambia mama mzee, "Mama, leo ulipika?" Mama akasema alipika, ndiyo maana sufuria ilikuwa nje. Tukaiokota. Mboga nusu ilikuwa imemwagika, iliyobaki akaigawa. Tukakaa chini ovyo, huyu huku, huyu kule, watoto wakarudi mmoja mmoja kutuchungulia. Afisa akanawa mikono, akala na sisi.

Mimi nilipomeza tonge la kwanza nililia mbele ya watu wote. Tangu tukimbie, sikuwa nimekula kwa mtu aliyenihitaji. Nilikula chakula cha msaada, nikala jasho la mke wangu. Hiki kilikuwa changu, nimekifanyia kazi, na mwenye nyumba alikuwa amesimama pale kuhakikisha nakimaliza.

Tulipanda juu ya paa tukiwa tumeshiba na tunapiga kelele kama watu. Cheti kilitoka. Kwenye kanuni zetu afisa mwenyewe alitusaidia kuandika kwamba wanachama watapokea chakula cha mwenye nyumba siku ya kazi. Wakaguzi huwa wanashangaa kidogo wakifika hapo. Waacheni washangae.

Namshukuru mke wangu, aliyelima miaka yote ile na hakunicheka. Nawashukuru wale wajane, na afisa yule. Wenzangu nawashukuru pia, walioweza kuacha laini, maana kwetu kuacha laini ni kazi.

Nimeambiwa kesho mnaanza nyumba ya mzee kipofu wa kule chini. Ndugu zangu, mtu anayepokea bila kutoa anainamisha kichwa, najua, niliinamisha changu miaka mingi. Yule mzee atawaletea chochote alicho nacho, labda ni viazi viwili tu. Kaeni chini, mle mbele yake, na mtafune kwa sauti asikie.