Honorine na Shimo Lililoonekana Kilima

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka Bibi Honorine Gaucherel, mke wa mwoka mikate wa hapa Brézincourt. Alitutoka Jumanne, akiwa na miaka tisini. Wengi wenu mmekula mikate ya nyumba ile. Ni wachache waliotazama ndani ya kisanduku chake.

Kisanduku chenyewe ni cha mbao, kina matundu mawili ya macho. Unaweka ndani kadi yenye picha pacha, zilizopigwa kwa pamoja na kamera ya macho mawili. Kila jicho linatazama ya kwake. Mara zinakuwa picha moja, na hiyo moja inafunguka kama mlango. Kilicho karibu kinakusogelea. Kilicho mbali kinakwenda mbali.

Kamera hiyo ilikuwa ya mumewe, Anselme. Picha ya kwanza alimpiga Honorine mlangoni mwa duka, aproni imejaa unga. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, aliondoka nayo ndani ya koti. Huko mahandakini alipiga picha wenzake wakinywa supu, wakifua soksi, wakisinzia. Alipiga pia mahali alipozikwa Firmin, mwana pekee wa jirani yao, Mama Zélie Barrois.

Kisha Anselme akarudi nyumbani na jicho moja. Nalirudia hilo, wapendwa. Mtu wa kamera ya macho mawili alirudi na jicho moja. Picha aliziona, lakini hazikumfungukia tena. Zililala bapa kama picha za gazeti.

Zamani picha zake zilisafishwa na fundi wa mjini. Vita ilimchukua fundi na duka lake. Basi Anselme alizisafisha mwenyewe kwenye chumba cha chini ya nyumba, akazibandika kwenye kadi. Kila Jumapili Honorine alimtazamia picha hizo kwenye kisanduku.

"Niambie unachoona," Anselme alikuwa akisema.

Siku moja akaja Mama Zélie. Alitaka jambo moja tu: kumlaza mwanawe kwenye makaburi ya hapa, karibu na baba yake.

"Tulimzika ndani ya shimo la bomu," Anselme akamwambia. "Lipo jiwe la mpaka wa shamba. Tazama mwenyewe."

Zélie akatazama. "Mbona hapa pana kilima?"

"Ni shimo, Mama Zélie."

"Mimi nina macho mawili, baba, wewe una moja. Ni kilima, kipo huku upande wa barabara, kabla ya jiwe."

Honorine naye akatazama. Roho ilimuuma, lakini hakudanganya. "Mume wangu, hata mimi naona kilima."

Zélie alikwenda. Jiwe alilipata, ila shamba lilikuwa limeshasawazishwa, hakuna kilima wala shimo. Akachimba upande wa barabara, asipate kitu. Alirudi na matope hadi magotini, akasimama dukani mbele ya wateja.

"Kilichochukua jicho lako kilichukua na akili," alisema. "Mwanangu umemzika wapi, mwehu wewe?"

Anselme alikusanya kadi zote akaziweka kando ya tanuru. "Kesho nazichoma," alimwambia mkewe. "Mtu asiyejua alipomzika mwenzake, picha za nini?"

Odile, binti yao, ametusimulia hivi: "Mama hakuwa mbishi. Lakini hakutupa kitu bila kukitazama tena. Hata gunia tupu la unga alilipindua ndani nje."

Basi Honorine alizitazama kadi moja moja kabla ya moto. Moja ilimsimamisha. Askari na seng'enge. Kwenye kisanduku seng'enge ilikuwa nyuma ya askari, na bado ilipita juu ya koti lake.

"Anselme, huyu alisimama mbele ya seng'enge au nyuma?"

"Nyuma. Nilimpiga picha kupitia seng'enge yenyewe."

"Basi humu ndani yuko mbele."

Akaichukua ile picha yake ya mlangoni, iliyosafishwa na fundi. Humo kila kitu kilikaa mahali pake. Tofauti ni nini? Aligeuza kadi huku na huku. Mwishowe aliishika ya askari juu ya mvuke wa birika hadi gundi ikalegea. Akazikata zile pacha kwa mkasi, ya kulia akaihamishia kushoto, ya kushoto kulia. Akazibandika kwa uji wa ngano. Seng'enge ikaja mbele.

Wasikilizaji wapendwa, kamera ile huziweka picha kinyume, ya jicho la kulia kushoto; zisipohamishwa, cha mbali huonekana karibu, na shimo huonekana kilima. Fundi alikuwa akizihamisha kimya kimya. Anselme hakujua kazi hiyo ipo, na jicho moja halingeweza kumwambia.

Kisha Honorine akaifanyia vivyo hivyo picha ya Firmin. Akainamia matundu.

"Unaona nini?" Anselme akauliza.

"Shimo."

"Lina kina?"

"Lina kina, mume wangu. Naogopa kutumbukia."

Jiwe lilikuwa karibu. Shimo lilikuwa ng'ambo yake, upande wa msitu. Walimwita Mama Zélie, wakaenda wote watatu, wakachimba huko, na Firmin alikuwepo, na kibati cha jina lake kimo mkononi.

Baada ya mazishi Zélie aliingia dukani wakati watu wamejaa. "Nilikuita mwehu hapa, mbele ya hawa," alisema. "Nakuomba radhi hapa hapa, mbele ya hawa."

"Chukua mkate wako, mama," Anselme akamwambia. "Unapoa."

Miaka ya mwisho, jicho moja la Honorine liliingia ukungu. Picha zikamlalia bapa, kama zilivyomlalia mumewe. Odile ndiye aliyemtazamia. Jumapili iliyopita alimwekea ile picha ya mlangoni.

"Niambie unachoona," Honorine alisema.

"Nakuona wewe, mama. Una unga kwenye aproni."

"Niko mbali?"

"Hapana. Nikinyoosha mkono nakugusa."

Kwako Odile, na kwa ukoo wote wa Gaucherel, poleni sana kutoka kwetu sote. Mungu amlaze Honorine kando ya Anselme wake. Nasi tuliobaki, tukiona kilima na mwenzetu akasema shimo, tuichemshe birika kwanza, tuitazame kadi upya. Huenda huyo mwenzetu alikuwepo.