Shamba la Wachelewaji

Wapendwa wa jumuiya, swali lililoninyima usingizi msimu mzima ni hili: je, kama nawafundisha watoto kuuchukia udongo uliowalea?

Mnanijua, mimi ni mtu wa kuwaza sana. Hata kuchagua kitenge cha kuja hapa kumenimalizia asubuhi. Nilipotoka chuo nilipangiwa sekondari moja upande huu wa Butiama, mwalimu pekee wa kilimo. Nikaambiwa niandae azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha mwaka mzima. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Tuanze na udongo au mbegu? Mihogo kabla ya mtama? Ndugu zangu, nawaambia, ilifika mahali nikifumba macho naona mistari ya jedwali imegeuka matuta. Natembea juu yake taratibu, ukungu wa ziwa umenifika magotini, na sifiki mwisho.

Mama alinipigia kutoka Suguti. "Unakulaga kweli?" Nikasema nakula. Akasema, "Sauti yako haijala."

Hatimaye azimio likakamilika. Siku ya kwanza ya vitendo niliwapeleka kidato cha kwanza shambani na majembe. Mvua ilikuwa imepita, udongo unatoa mvuke mwembamba, jua linapenya kama kwenye pazia. Nilihisi nimeingia ndani ya ndoto yangu mwenyewe. Nikageuka. Watoto wamesimama mstari, wameinamisha vichwa. Msichana mmoja akauliza kwa adabu, "Madamu, leo tumekosa nini?"

Mnacheka, lakini mnajua. Shamba la shule ni la wachelewaji. Ukichelewa, unalima. Ukipiga kelele, unalima. Mimi mwenyewe nililimishwa kwa kusema Kijita darasani. Azimio langu lilikuwa na kila mada, ila hilo sikuliwaza, mimi ninayewaza kila kitu.

Nikaona nimekuwa mwalimu wa adhabu, nikaanza kupanga kuacha kazi, nikauze vitenge Musoma mjini. Hapo ndipo ninyi mliponishika. Nawashukuru mlionisikiliza bila kunichoka, na mlioniletea dagaa mkidhani nina njaa. Namshukuru zaidi mama mmoja aliyenivuta pembeni baada ya sala. "Wewe mtoto, kuwaza kwako kungekuwa kuni tungepikia harusi. Nenda kamwambie mkuu wa shule."

Ninachoweza kuwaachia ni hiki: kazi tunayompa mtoto kama adhabu, tusimshangae akiikimbia akishakua.

Basi nikaenda. Nikamwomba mkuu wa shule shamba lisiwe tena mahali pa adhabu. Akavua miwani. "Sasa wachelewaji nitawapelekaga wapi, mwalimu?"

"Sijui, mkuu. Lakini pale ni darasa langu."

Akaifuta miwani, akaivaa tena. Kisha akasema, "Haya. Tujaribu muhula huu."

Nikafuta mada ya kwanza ya azimio, nikaweka nyingine: kila mwanafunzi alete mbegu ya kwao, apewe tuta lake. Walikuja na choroko, ufuta, mtama mwekundu. Mmoja alibeba pingili za mhogo kutoka kwa bibi yake huko Kisorya. Wingu lilikuwa linapanda polepole kutoka ziwani. Nikawafungulia mlango wa darasa, tukaenda kupanda.