Mazishi Ambayo Katekista Januari Hakuyaongoza

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, viongozi wa kijiji cha Ibambula, ndugu mliotoka Masumbwe, Nyahanga na Bulyanhulu, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mvumilie kusikiliza hadi mwisho, kwa kuwa ipo sehemu ya historia hii ambayo marehemu mwenyewe aliagiza isiachwe.

Januari Maduhu Mayala, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu, alizaliwa tarehe 14 Juni 1954 hapa Ibambula, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Maduhu Mayala na mama Apolonia. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akabatizwa akiwa darasa la nne, na alipomaliza alirudi kulima pamba na kuchunga ng'ombe wa baba yake, hadi mwaka 1976 parokia ilipompeleka kusomea ukatekista kwa miaka miwili.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Sesilia, binti wa Nyahanga, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza Klara na wa mwisho Edward, wote wapo hapa leo pamoja na wajukuu.

Kazi yake mnaifahamu. Alikuwa katekista wa kigango chetu kuanzia mwaka 1978 hadi alipostaafu 2018, alifundisha wakatekumeni, aliongoza ibada za Jumapili ambazo padre hakuweza kufika, na kwa sababu hiyo hiyo yeye ndiye aliyewazika wengi wa wazazi wetu, wakati mwingine akitembea kwa miguu katika mvua kwenda kuzika mtu asiyemjua. Hilo ni kweli na tunalisema. Na hili linalofuata nalo ni kweli.

Mwezi Agosti 2011, duara la vijana wa kijiji, yaani shimo lao la kuchimba dhahabu, lilijaa maji na dhahabu ikapotea, na maneno yakaanza kwamba kuna mtu ameifunga kwa uchawi. Mkutano wa sungusungu uliamua mganga aitwe apige ramli ili mhusika atajwe, na kila kaya itoe kuku. Mageni na mkewe Mariana, yaani Mama Limi, waliobatizwa mwaka 2006 baada ya kufundishwa na marehemu, walikataa, na Mariana alisimama mkutanoni akasema, "Mwalimu alitufundisha kwamba Mkristo hachangii ramli, yupo hapa, muulizeni." Marehemu alikuwepo. Aliulizwa. Alijibu kwamba mambo ya kijiji na mambo ya kanisa yasichanganywe, na mtu mmoja nyuma akasema, "Basi kuku wa Mwalimu ni wa kijiji," watu wakacheka.

Kuku wa nyumba hii alitolewa siku iliyofuata. Mama yetu Sesilia ametuomba tuseme kwamba aliyemkamata na kumfunga miguu ni yeye, asibebeshwe marehemu peke yake.

Kaya ya Mageni ikatengwa, na maneno yakaenea kwamba kama walikataa ramli, basi Mariana ndiye aliyefunga dhahabu. Maana ya kutengwa tunaijua, hawakusalimiwa, hawakupewa moto, mashine haikuwasagia mahindi, na njia pekee ya kurudi ilikuwa kulipa faini ya ng'ombe na kuomba radhi kwa kosa la kukataa, jambo ambalo hawakulifanya. Mwezi Machi 2012 Mageni aliugua malaria, waendesha pikipiki walikataa kumbeba kwenda hospitalini Masumbwe, akafariki tarehe 3 nyumbani kwake. Mariana alituma ujumbe kwa katekista aje azike. Katekista alijibu kwamba ana homa. Kaburi lilichimbwa na wachimbaji wageni waliokuwa wakipita kwenda Bulyanhulu, na mjane alisali Baba Yetu mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuianza. Siku hiyo marehemu alikuwa hapa uani, mzima, akitengeneza mpini wa jembe.

Baada ya hapo aliendelea kufundisha amri za Mungu kwa miaka sita, na hakuna mtu kati yetu aliyemuuliza.

Mwaka 2023, akisindikizwa na Klara, alikwenda Bulyanhulu ambako Mariana anapikia wachimbaji chakula. Klara anasimulia kwamba Mariana alimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," akampa kiti na uji, kisha akamuuliza, "Ile homa ilishapona?" Marehemu akasema, "Mama Limi, sikuwa na homa." Mariana akajibu, "Nilijua. Lakini waliokutana kunitenga si mimi, kawaambie wale wa mkutanoni." Aliahidi. Alirudi, akasimama kanisani Jumapili mbili na kuomba nafasi ya kusema, na mara zote mbili akaishia kuwashukuru waimbaji.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya koo, alitibiwa Mwanza hadi Novemba, kisha akarudishwa nyumbani. Alipokea sakramenti zote. Alituambia kwamba Mungu amemsamehe kitubioni, lakini Mariana bado anatajwa kijijini kama aliyefunga dhahabu, na jambo lililofanyika mbele ya watu halimalizwi kwa kunong'ona. Sauti ilikuwa imekwisha, ndiyo maana tunasema sisi. Alifariki tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hiyo, kwa agizo lake, tunatamka mbele ya mkutano huu kwamba Mariana hakumkosea mtu, alifanya alichofundishwa, na aliyemfundisha ndiye aliyekiacha. Familia inayasema haya kwa aibu, wala haimtetei.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, Baba Paroko, makatekista wenzake, jumuiya na majirani kwa maji, kuni na mahema. Tunamshukuru pia Mariana, aliyefika jana na kwenda moja kwa moja jikoni. Baadhi ya akina mama walisogea mbali na moto, hadi mmoja wao, Paskazia, alipompa mwiko na kusema, "Shika, mimi mkono umechoka." Tulipomuuliza kama amemsamehe marehemu, alisema, "Nimekuja kuzika. Hilo jingine msinikimbize." Hatutamkimbiza.

Tulimwomba jambo moja tu, akalikubali. Baba Paroko atakapomaliza hapa, tutatoka pamoja hadi kwenye kaburi la Mageni, naye atasoma sala za maziko ambazo hazikusomwa. Mariana amesema atasimama palepale aliposimama siku ile. Wakati ule nafasi iliyobaki ilikuwa tupu, na leo tunawaomba, kila mmoja kwa hiari yake, tuijaze.

Baba, umetuachia maneno uliyoshindwa kuyasema, tumeyasema. Sasa pumzika, na Bwana akupe amani ambayo kijiji hiki hakikumpa Mageni.