Nusu ya Kasi

Mpiga picha za harusi alikaa ndani ya basi kama aliyekalia siafu. Jirani yake, mama mwalimu wa kompyuta, akamuuliza kulikoni.

"Shemeji mtarajiwa, mama! Kaniuzia memori ya kompyuta. Boksi linasema kasi elfu tatu na mia mbili, kompyuta inasema elfu moja na mia sita. Kala nusu! Nimeshamwanika kwenye kundi la familia. Dada yangu haolewi na mwizi."

Mwalimu akavua miwani kama anayetangaza msiba. "Mwanangu, kompyuta imekuhesabia mapigo ya memori tu. Kwa kila pigo, memori hiyo hupitisha data mara mbili. Hebu zidisha."

Akazidisha. Akarudia kwa vidole, ingawa vidole havikuwa na ushahidi mpya. "Kumbe kanipa kamili? Labda hawajasoma ujumbe."

"Familia gani hiyo isiyosoma matusi?"

Basi likasimama. Kituoni dada yake alikuwa akimsubiri, simu mkono mmoja, kiatu mkono wa pili.

"Kaka, si ulisema unashuka hapa?" kondakta akauliza.

"Mbele kidogo."

"Mbele ni ukuta, kaka. Gari limefika mwisho."