Bwana Subiri na Mistari Iliyofutwa

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968, mtoto wa tatu kati ya watano wa mshona viatu na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba alikuja duniani macho wazi, akiikodolea taa kama anayetafuta swichi.

Aliingia sekondari Januari 1983. Huko alikaa dawati moja na kijana ambaye kwa miaka minne walichangia kitabu, wino na adhabu, hata walimu wakamwita yule Pacha wa Dawati. Wote wawili walisomea ufundi wa kompyuta chuo kimoja, wakahitimu Desemba 1990.

Tarehe 4 Februari 1991 marehemu aliajiriwa na hospitali kuwa fundi wa mitambo ya maabara. Baadaye ililetwa kompyuta ya kupokea majibu ya vipimo, yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya aina ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Mtengenezaji wake alifunga duka mwaka 2000, na programu zilizo tayari zikawa hazipatikani tena. Marehemu akajifunza kuchukua msimbo chanzo, yaani mistari yenyewe iliyoandikwa na watunzi wa programu, na kuikompaili, yaani kuijenga iwe programu inayofanya kazi, palepale mezani. Mara nyingine ilichukua saa thelathini na moja. Aliyeuliza alijibiwa, "Subiri, inajengwa," na ndipo akaitwa Bwana Subiri.

Kompyuta ile hupanga namba zake kinyume na nyingine. Siku moja alisahau kurekebisha mstari mmoja tu, na kipimo kilichopaswa kuwa 12 kikatoka 201,326,592. Daktari wa zamu alishuka na karatasi mkononi, akauliza kwa upole kama mgonjwa huyu ni mtu au ziwa. Marehemu alicheka hadi akakaa chini. Kisha alirekebisha, na rekebisho akalituma kwa wanaotunza programu hiyo, ili mwenye kompyuta kama yake popote pale asihangaike. Alituma mengine mia mbili na zaidi. Miaka ya mwisho aliyeyapokea alikuwa Pacha wa Dawati, aliyeipata nafasi hiyo kwa barua ya marehemu ya kumpendekeza.

Tarehe 6 Julai 2002 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya watoto. Alichelewa dakika arobaini, shati limejaa vumbi la feni ya kompyuta. Bibi harusi alimtaka achague mmoja, yeye au kompyuta. Akajibu kwamba yule mwingine amemwacha na kosa kwenye mstari wa mwisho, na hana wa kumbembeleza. Msimamizi wake siku hiyo alikuwa Pacha wa Dawati.

Jumapili, tarehe 14 Machi 2021, Pacha wa Dawati alikula mchana mezani kwa marehemu, akaomba aongezewe mchuzi. Jumanne likatoka tangazo: mistari yote ya prosesa ile imeondolewa kwenye programu kwa sababu haina mtumiaji. Chini yake lilikuwapo jina moja tu, la Pacha huyohuyo. Marehemu alimpigia simu, mkewe akiwa kando.

"Jumapili ulikuwa unajua?"

"Nilijua, ndugu yangu. Nilikosa pa kuanzia."

"Mchuzi ulipata pa kuanzia kuuomba."

Tangu hapo, kila toleo jipya la programu lilipotoka, aliirudisha mistari yake mmoja mmoja kwa mkono, peke yake. Hakuna jibu la mgonjwa lililoharibika.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2022. Alilazwa mara nne katika hospitali aliyoitumikia, na majibu ya damu yake yakapita kwenye kompyuta yake mwenyewe. Alisoma majibu, akasema namba ni mbaya lakini zimepangwa vizuri. Tarehe 23 Aprili 2024 Pacha wa Dawati alikuja kuketi kando ya kitanda, akaahidi kuirudisha mistari ile. Marehemu aligeukia ukuta, akamwambia mkewe, "Shemeji yako anakaa mbali. Msindikize, asichelewe."

Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Mei 2024, saa nne asubuhi. Hadi karatasi hii inachapwa, mistari haijarudishwa.

Ameacha mjane, binti, mwana, dada wawili na kaka mmoja. Pacha wa Dawati aliomba tuandike kwamba walipatana. Mjane alikataa. Alisema mume wake hakuwahi kutoa jibu la uongo kwenye karatasi ya mtu, na hatutaanza leo kwenye yake.

Apumzike sasa; uchovu wake ni wa halali.