Sista Nagarathna Aketi Kwanza, Kahawa Baadaye

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika zahanati ya kiwanda chetu cha hariri hapa Mysuru, Sista Nagarathna anastaafu tarehe 31 Mei. Wafumaji wanamfurahia na kumnunia kwa wakati mmoja.

Alipofika, zahanati iligawa vidonge vya presha kwa watu waliokwisha kuugua. Yeye akataka kuwawahi kabla. Akatandika mikeka kantini, akaagiza kila zamu iketi kimya kabla ya mitambo kuwashwa, macho yamefumbwa, kila mtu akifuata pumzi yake. Vidonge hakumwachisha mtu.

Asubuhi ya kwanza msimamizi aliwakuta wafumaji wameketi chini, hawasemi neno, akadhani ni mgomo. Meneja akaja mbio, tayari kuzungumzia mishahara. Sista akamwonyesha mkeka uliokuwa wazi, naye akaketi. Mzee Puttaswamy, mfumaji wa pindo za dhahabu, alilalamika kwamba akifumba macho anaona bilauri ya kahawa tu. Sista akamwambia aendelee kuitazama, itaondoka yenyewe.

Ila yeye mwenyewe hakuwahi kuketi. Alizunguka akinyoosha migongo yetu, na sisi hatukuliona hilo. Mwaka jana, karibu na sikukuu ya Dasara, alianguka mbele ya kabati la dawa. Presha ilikuwa juu mno, na daktari alisema amenusurika kiharusi kwa chupuchupu. Tuliogopa sana.

Aliporudi kazini akaanza kuzunguka kama kawaida. Puttaswamy akainuka kwenye mkeka wake.

“Sista, leo keti wewe. Mimi nitazunguka, na atakayekoroma nitamfinya.”

“Nina kazi, Mzee Puttaswamy.”

“Na sisi tulikuwa na kazi. Ulituketisha.”

Akaketi, machozi yakamtoka, na hakuna aliyejifanya hakuyaona. Tangu hapo hajakosa hata asubuhi moja. Vidonge anameza, na presha imeshuka.

Siku ya kumuaga hatutaanza na hotuba wala mashada. Tutaketi kwanza, yeye katikati yetu, kahawa ikingoja jikoni. Asante, Sista, kwa baba na mama wengi wa kiwanda hiki ambao bado wanarudi nyumbani jioni kwa miguu yao wenyewe. Tunakuombea siku nyingi zenye afya na utulivu. Mkeka wa Puttaswamy unaondoka nawe. Amesema yeye atakaa sakafuni.